Wakivuka Mpaka Kuteka Watu ni Usalama, Sisi Tukivuka Kuuliza ni Uchochezi



Kila nikiposti kitu kuhusu Tanzania ama Uganda, kuna watu lazima waje na ile sentensi moja: "Hayo ni mambo yao ya ndani, wachana nayo." Wengine ni Watanzania wamekasirika. Wengine ni Wakenya, tena wa hapa Kakamega, watu tunakula nao mayai pasua pale steji. Na hiyo sentensi si ya mitandaoni pekee. Marais wanaisema, mawaziri wanairudia, na mabalozi wakiulizwa wanaikohoa kwa upole. Mambo ya ndani. Uhuru wa taifa. Msiingilie.

Sawa. Basi niambieni kitu kimoja: ndani ni wapi? Juu mimi nikiangalia hii miaka miwili, naona serikali za Afrika Mashariki husahau kabisa mpaka uko wapi zikiwa zinamtafuta mtu. Huukumbuka tu siku mtu anaziuliza swali.

Hebu tupige hesabu, polepole, na tarehe.

Oktoba 2024, wakimbizi wa Uturuki walitekwa Nairobi. Wanne kati yao walirudishwa Uturuki, kwa serikali ileile waliyoikimbia. Wizara yetu ya mambo ya nje ikakubali kwamba ndiyo, wamepelekwa. Hao walikuwa wageni wetu, wako na hadhi ya ukimbizi, tumewapa sisi wenyewe.

Novemba 16, 2024, Kizza Besigye alikuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Huyu ni mtu amegombea urais wa Uganda mara nne dhidi ya Museveni. Akapotea. Novemba 20 akatokea Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, yeye na mwenzake Obeid Lutale. Hakuna hakimu wa Kenya aliyesikiliza kesi ya kumrudisha kwao. Mtu alitolewa katikati ya Nairobi akavushwa kama gunia la mahindi ya magendo, na serikali yetu ikasema haikuhusika.

Januari 12, 2025, Maria Sarungi Tsehai, mwanahabari na mwanaharakati wa Tanzania anayeishi Kenya, alitekwa Nairobi na watu wenye silaha. Watu wakapiga kelele mitandaoni ndani ya dakika chache. Akaachiliwa baada ya saa kadhaa.

Mei 2025, Tundu Lissu anapelekwa Kisutu, Dar es Salaam, kwa kesi ya uhaini. Wakenya wakaenda kukaa tu kwenye viti vya mahakama na kutazama. Martha Karua akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wetu mstaafu, akarudishwa pia. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda wakafanikiwa kuingia, kisha wakakamatwa. Siku chache baadaye Mwangi akatupwa Ukunda, upande wa Kwale, na Agather akaachwa mpakani Mutukula. Wote wawili wakasema waliteswa na kudhalilishwa kingono. Wamepeleka kesi yao Mahakama ya Afrika Mashariki, na wanaisimulia kwa majina yao, mchana kweupe.

Oktoba 1, 2025, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wanaharakati Wakenya waliokuwa wameenda Uganda kumuunga mkono Bobi Wine, wakachukuliwa na watu wenye bunduki. Siku 38. Serikali ya Uganda haikuwa inasema iko nao. Halafu wakaachiliwa kupitia Busia, na Museveni mwenyewe akakubali kwa televisheni kwamba walikuwa wameshikwa. Aliiongelea kama mtu ambaye ameweka nyama kwa friji.

Sasa rudi kwa hiyo orodha uangalie mipaka. Nairobi hadi Kampala. Nairobi hadi Uturuki. Dar hadi Ukunda. Dar hadi Mutukula. Kampala hadi Busia. Hawa watu wa usalama wamezunguka hii jumuiya kuliko madereva wa malori. Hawakuomba viza. Kisha wewe Mkenya wa miaka 21 ukiandika "wako wapi watu wetu?" unaambiwa umevuka mpaka.

Wao ndio walivuka kwanza. Hiyo ndiyo hoja yangu, na sitaiacha. Ukandamizaji wa hapa kwetu ulishaacha kuwa wa ndani. Umekuwa kazi ya pamoja, na ukiwa kazi ya pamoja, presha ya nje si kuingilia. Ni jibu.

Nyinyi mmekulia kijijini, ama mnaendaga Krismasi kwa kukhu, mnajua nduru. Mtu akipiga nduru saa nane usiku huko Shinyalu ama Malava, hakuna jirani anauliza hati ya shamba iko kwa jina la nani. Watu wanatoka na tochi na rungu. Hata yule mmekosana naye juu ya mpaka wa miwa anakuja. Na yule anayesimama kwa lango akisema "rudini mlale, haya ni ya nyumba yangu", huyo ndiye kila mtu anageuka kumwangalia.

Oktoba 29, 2025, Tanzania walipiga nduru. Wapinzani wakubwa walikuwa nje ya debe: Lissu ndani tangu Aprili, Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo ameondolewa kwa orodha. Vijana wakatoka barabarani. Intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar. Tume ikatangaza Rais Samia ameshinda kwa karibu asilimia 98, na Novemba 3 akaapishwa ndani ya uwanja wa jeshi Dodoma. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema inaaminika mamia ya watu waliuawa. Mamia wengine wakashtakiwa kwa uhaini. Intaneti iliporudi, polisi wakawatumia watu ujumbe wa simu kuwaonya wasisambaze picha za ile siku.

Fikiria hiyo. Mtu amezika ndugu yake, ama hata hajapata mwili wa kuzika, na kitu cha kwanza simu inamletea mtandao ukirudi ni onyo asionyeshe picha.

Sasa kuna watu watasema, "Lakini hii presha ni ya wazungu." Manze, hebu tuangalie ni nani aliongea mapema. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika ambayo Tanzania ni mwanachama, wakiongozwa na Richard Msowoya, spika wa zamani wa bunge la Malawi, walisema mapema Novemba kwamba sehemu nyingi wananchi hawakuweza kuonyesha matakwa yao. Kisha waangalizi wa Umoja wa Afrika, wakiongozwa na Mokgweetsi Masisi, rais wa zamani wa Botswana, wakasema uchaguzi haukufikia viwango vya Umoja wa Afrika. Malawi na Botswana. Ulaya ilikuja baadaye: Bunge la Ulaya likapitisha azimio mwisho wa Novemba, na Desemba 4 Marekani ikasema inapitia upya uhusiano wake na Tanzania. Lakini Rais Samia alipowahutubia wazee wa Dar mapema Desemba, aliuliza hao wa nje ni akina nani, kama wanadhani bado ni wakoloni. Ni rahisi kupigana na mkoloni ambaye ameshaenda. Ni ngumu kumjibu jirani kutoka Malawi.

Na kama kuna nchi haifai kusema presha ya nje ni ukoloni, ni Tanzania. Nasema hivi kwa heshima, juu hiyo nchi ndiyo ilitufundisha sisi wote. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Afrika Kusini, wote walipita pale. ANC walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule. Makaburu walikuwa wanasema nini wakati huo? Walikuwa wanasema ubaguzi ni mambo ya ndani ya Afrika Kusini. Nyerere hakukubali. Desemba 1965 alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza juu ya Rhodesia, akijua mkopo wa pesa nyingi utapotea, na ukapotea. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yakaingia Kampala na Idi Amin akakimbia. Ndiyo, Amin alikuwa ameanza kwa kuvamia Kagera. Lakini Waganda waliokuwa wanauawa na Amin hawakusema "Nyerere anaingilia". Walitoka barabarani kushangilia.

Mimi simuombi mtu aende na vifaru. Naomba tu tusidanganywe kwamba kusimama na jirani ni tabia ya kizungu. Ilikuwa tabia ya Dar es Salaam.

Na kuna karatasi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo sina digrii ya sheria ya kuwatisha nayo. Lakini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uko mtandaoni bure, na nimeusoma kwa simu yenye kioo kimepasuka. Ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999. Ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Ndiyo, Saba Saba. Ibara ya 6 inasema msingi wa hii jumuiya ni pamoja na utawala bora, demokrasia, utawala wa sheria na kulinda haki za binadamu. Ibara ya 7 inarudia. Ibara ya 30 inasema mkaaji yeyote wa nchi mwanachama anaweza kwenda mahakama ya Arusha kulalamika kuhusu kitendo cha serikali. Mkaaji yeyote. Haijasema balozi, haijasema mzungu. Ni wewe na mimi.

Na si karatasi ya kupamba ukuta. Novemba 16, 2005, wanajeshi walizunguka Mahakama Kuu ya Kampala ili washtakiwa waliokuwa wamepewa dhamana, walioshtakiwa pamoja na huyohuyo Besigye, wasiende nyumbani. James Katabazi na wenzake 21 wakapeleka Uganda Arusha. Novemba 2007 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja mkataba. Uganda ilijibu ile ya kawaida, kwamba mahakama haina nguvu juu ya haki za binadamu. Majaji wakasema hawatakwepa kazi yao ya kutafsiri mkataba ati kwa sababu neno "haki za binadamu" limetajwa. Mtu akiweka saini kwa mkataba kama huo, amekubali kuulizwa. Hawezi kuchukua soko la pamoja, ushuru wa pamoja, kisha akasema maswali ni ya kila mtu kivyake.

Tuje nyumbani sasa. Kila siku mnapita Muliro Gardens. Mnapumzika pale, mnapiga picha, mnangoja mtu. Kuna chuo kikuu hapa mjini chenye jina la huyo mzee. Wangapi mnajua alifanya nini?

Agosti 1991, Masinde Muliro alikuwa mmoja wa wazee sita waliounda FORD, wakati kuunda chama kingine zaidi ya KANU kulikuwa kosa la sheria. Walikuwa na Jaramogi Oginga Odinga, Ahmed Bamahriz, Philip Gachoka, George Nthenge, na Martin Shikuku wa Butere hapa. Shikuku alishawekwa kizuizini tangu 1975 kwa kusema bungeni maneno ambayo Kenyatta hakuyapenda, alitoka 1978. Hawa hawakuwa vijana. Walikuwa wazee ambao wangeweza kukaa nyumbani wakinywa chai.

Novemba 16, 1991 wakaitisha mkutano Kamukunji. Polisi wakautawanya kwa marungu na gesi, viongozi wa FORD wakakamatwa. (Ndiyo, Novemba 16 tena. Hiyo tarehe iko na mambo yake.) Marekani na nchi zingine zikalaani. Serikali ya Moi ikajibuje? Waziri wa mambo ya nje, Ndolo Ayah, akamshambulia balozi wa Marekani, Smith Hempstone, akasema ana fikra za mwenye watumwa. Mnaona? Ukoloni, utumwa, tangu 1991. Ni hotuba ileile, wamebadilisha tu mtu wa kuisoma.

Kisha Novemba 25 na 26, wafadhili wakakutana Paris. Wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita. Desemba 3, Moi akawaambia wajumbe wa KANU pale Kasarani kwamba kifungu cha 2A kitaondolewa. Desemba 10, Bunge likakiondoa. Wiki mbili hivi! Kitu ambacho watu walikuwa wamepigwa, wamefungwa na kuuawa wakikidai kwa miaka.

Sasa hapa lazima tuwe waangalifu, juu kuna watu hutoa funzo mbaya kwa hiyo hadithi. Wanasema, "Unaona, wazungu walituokoa." Zii. Hao wazungu walimlipa Moi miaka yote ya themanini. Mateso ya Nyayo House yalikuwa yanaendelea na pesa ilikuwa inaingia, juu Moi alikuwa rafiki yao wakati wa vita baridi. Walibadilika baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Na hata 1991, wangesimamisha pesa kwa sababu gani kama Kamukunji ingekuwa tupu? Kama hakungekuwa na Saba Saba ya 1990? Paris ilikuwa mkono tu. Nguvu ilitoka kwa watu waliokuwa tayari wanapigwa.

Na mkono ulipolegea, mliona. Moi akashinda 1992 na asilimia 36 hivi, wapinzani wakiwa wamegawanyika, na vita vya kikabila vikiwa vimechoma vijiji Bonde la Ufa na hapa kwetu Magharibi. Muliro hakufika hata uchaguzi. Alifariki Agosti 1992 akiwa ametua tu Nairobi kutoka London. Mwaka wa 1993 misaada ikaanza kurudi. Wafadhili walikuwa wameridhika. Waliochomewa nyumba hawakuulizwa kama wameridhika.

Kwa hivyo mimi si shabiki wa wafadhili. Mnakumbuka mwanzo wa 2025 Marekani ilipokata pesa za USAID? Haikuwa hata kwa sababu ya haki za binadamu. Lakini nani aliumia? Ni mathe anayechukua ARV kliniki, ni muuguzi aliyeambiwa kandarasi imeisha. Hakuna waziri aliyekosa dawa. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "wakate misaada yote", mwambie atulie. Presha nzuri inajua jina. Mkamate aliyetoa amri, kwa mfuko wake. Mnyime viza ya kwenda kutibiwa Ulaya. Funga akaunti yake ya nje. Kataa kumuuzia bunduki na mitambo ya kudukua simu. Lakini usiguse dawa ya kukhu wa mtu Mwanza ama Mbale.

Na taarifa za "tuna wasiwasi mkubwa"? Hizo ziwekwe kwa kabati. Mtesaji hasomi taarifa. Anasoma salio la benki.

Najua swali linalokuja. "Wewe Mkenya unaongea nini na kwenu kunanuka?" Hapo mmenishika pazuri, juu hapo ndipo nataka kufika.

Kwetu kunanuka, ndiyo. Juni 25, 2024 vijana walipigwa risasi nje ya Bunge. Tume yetu ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu watu 82 waliotekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Juni 2025, Albert Ojwang alichukuliwa Homa Bay juu ya posti ya mtandaoni, akaletwa Central Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Wakasema alijigonga kwa ukuta. Uchunguzi wa mwili ukaonyesha alipigwa. Mtu alikufa kwa kuandika, kama hivi ninavyoandika sai. Na wakati hayo yote yanaendelea, Kenya imekaa kwa kiti cha Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, tulichaguliwa Oktoba 2024, tutakaa hadi 2027.

Halafu Mei 2025, wakati Boniface Mwangi amerudi akitembea kwa shida, Rais Ruto alifanya nini? Alisimama kwa maombi ya kitaifa akaomba msamaha. Kwa Tanzania. Eti kama tumewakosea kwa njia yoyote, mtusamehe. Na Musalia Mudavadi, mtu wetu wa hapa jirani Vihiga, mkuu wa mambo ya nje, Samia alipolalamika kuhusu wanaharakati wa Kenya, akasema kwa televisheni kwamba kuna ukweli fulani kwa hayo maneno. Budaa! Mkenya ametupwa barabarani, na mwenye kazi ya kumtetea anatafuta ukweli kwa upande wa waliomtupa.

Sasa unganisha. Kwa nini serikali yetu haiwezi kupaza sauti kuhusu Dar na Kampala? Juu Besigye alichukuliwa kwetu. Sarungi alichukuliwa kwetu. Waturuki walichukuliwa kwetu. Nairobi ikiuliza, itaulizwa. Kimya chao ni bima. Kila mmoja anashikilia siri ya mwenzake, na wanaiita ujirani mwema.

Ndiyo maana nawaambia Watanzania wanaoniandikia kwa hasira: sisi hatuwafundishi. Tunapigwa na fimbo moja. Na nawaambia Wakenya wanaosema tuanze na kwetu: kuanza na kwetu na kuuliza kuhusu kwao ni kazi moja. Aliyemtoa Besigye Nairobi alikuwa anajaribu kama mlango unafunguka. Ulifunguka. Siku ukitafutwa wewe utakimbilia wapi? Miaka ya nyuma jibu lilikuwa rahisi: Lissu alipopigwa risasi 16 Dodoma mwaka 2017, aliletwa Nairobi, akatibiwa, akapona. Nairobi ilikuwa mahali pa kukimbilia. Leo ningekuwa Mtanzania nimewindwa, nisingekuja Nairobi. Hiyo inafaa kutuuma kuliko kitu kingine chochote.

Basi tufanye nini, watu hatuna pesa, hatuna cheo, tuna bando ya mia? Niko na mambo manne.

Moja, hifadhi. Ukitumiwa klipu, usiisambaze tu, iweke. Andika tarehe, mahali, nani alikutumia, na usionyeshe sura ya mtu ambaye bado yuko ndani ya mkono wao. Zile video za Oktoba 29 zilizochambuliwa baadaye na wanahabari wa kimataifa zilikuwa kwa simu za watu wa kawaida. Mtanzania anaweza kutishwa afute. Wewe ulioko Lurambi hutishwi na ile namba.

Mbili, uliza mtu wako. Kenya iko na wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, wanaolipwa na jasho lako, na hujui hata jina la mmoja. Watafute. Waulize wamesema nini kuhusu Oktoba 29. Muulize mbunge wako wa hapa Besigye alipitaje mpaka wa Kenya.

Tatu, dai mlango wa mahakama. Kuna mahakama nyingine Arusha, ile ya Afrika ya haki za binadamu. Tanzania ilikuwa imeruhusu raia wake kwenda pale moja kwa moja, ikajitoa Novemba 2019. Kenya haijawahi kuruhusu raia wake hata siku moja. Ni karatasi moja ya kutia saini. Wanasiasa wanaanza kuja na kofia na leso za 2027. Kabla uchukue hiyo leso, uliza kuhusu hiyo karatasi.

Nne, na hii ni ya haraka. Uganda walipiga kura Januari 15, 2026. Wafuasi wengi wa Bobi Wine walikamatwa kwenye kampeni. Mnajua vile intaneti huzimwa huko wakati wa kura; 2021 ilizimwa. Kutoka hapa Kakamega ukipitia Mumias, matatu inakufikisha Busia kabla ya chakula cha mchana. Wengi wetu tuko na shangazi ng'ambo ile, ama classmate, ama mtu wa kuuza mitumba. Ongea nao sai. Kubaliana nao jinsi ya kujua kama wako salama mtandao ukipotea. Wiki ya kura usilale mapema.

Desemba 9 Tanzania walinyimwa hata sherehe ya uhuru wao. Serikali iliifuta, barabara zikabaki na wanajeshi na polisi. Siku tatu baadaye sisi tukafanya Jamhuri, ndege zikapita, watu wakapiga makofi. Nilikuwa natazama kwa simu nikifikiria watu wa Mbeya na Arusha waliofungiwa ndani, na mtu hapo kando akaniambia, "Wachana na Tanzania, furahia ya kwako."

Ya kwangu ni ipi, na hao watu wa usalama wanapita huku na kule kama mpaka ni chaki imechorwa kwa lami?

Wakisema ni mambo ya ndani, wafunge mlango wao kwanza. Wawache watu wetu, na sisi tuwache wa kwao waliokimbilia hapa. Hadi siku hiyo, tutauliza kwa sauti, Dar, Kampala na Nairobi, na tutataja majina. Sambaza hii kwa mtu mmoja wa Uganda na mmoja wa Tanzania. Hao ndio nimewaandikia.